Usikunje Uso

Usikunje uso, Lusato, gundi haijakauka.
Karatasi laini, tabaka tatu, juu yake vaselini,
kisha nachana katikati kwa kijiti cha meno:
hapo ndipo panga la onyesho la pili limepita.

Damu ni juisi ya choya,
unga wa muhogo, kahawa kidogo.
Nyekundu tupu ni ya watoto.
Damu iliyokaa ina kutu.

Nilijifunza Igogo, kiwandani,
miaka sita nikichuna minofu ya sangara,
barafu hadi viwikoni.
Kisu kikikosea, nyama ya mtu hufunguka kimya,
hungoja kwanza, nyeupe,
ndipo hukumbuka kuvuja.
Kwa hiyo mayowe yako
yachelewe kidogo.

Juzi pale Nyakahoja mama mmoja alizimia.
Nilijivuna,
kisha nikaenda kumpepea.

Na usiku, nilipowafuta kwa mafuta ya alizeti,
mkipona mmoja mmoja na kudai nauli,
wewe ulinishika kidole gumba,
ukasugua kovu kwa pamba,
ukasugua tena, ukainusa ile pamba.
"Dada Kabula, hili ulilibandika na nini?"

Geuza shingo.
Bado upande wa kushoto.