Pindo la Tundu

Dukani kwangu Wadi Kabir, nyuma ya wauza matairi,
natia macho turubai.
Patasi ya duara, nyundo,
pete ya shaba juu, pete ya shaba chini,
ta! jicho limefumbuka.
Mia mbili kabla ya adhuhuri, kiyoyozi kikikohoa,
malori ya Sohar nje yakinguruma kwa haraka zao.

Juzi dereva kaniletea turubai lililochanika hadi katikati.
Alitoboa mwenyewe, kwa msumari,
akapitisha kamba, akaondoka.
Upepo wa barabara ya Sur ukamalizia kazi.
Nikamwambia: tundu lisilo na pindo ni kidonda,
halikai lilipo, linatembea.
Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
walikuwa waashi.
Mimi tundu silizibi.
Nalivisha pete, nalipa kazi.

Nimeyapata haya kwa shangazi Muzna,
ambaye shaba hakuigusa maisha yake.
Alihamia Ibra na kikapu cha sindano
na Kiswahili cha Ng'ambo ambacho majirani
walikicheka, kisha wakakiazima.
Alitoboa, akazungushia uzi, akavuta,
akatoboa tena, kijitundu kidogo kuliko punje ya mtama,
"ili kichwa kipumue."
Kofia moja, miezi minne.
Mteja akilia bei, alimtupia kofia mapajani:
"Hesabu matundu. Nilipe matundu.
Kitambaa nakupa bure."

Katutoka mwezi wa Rajabu.
Chini ya mto wake tumekuta kofia
rangi ya maziwa, kipimo cha kichwa changu.
Upande wa kulia, viua vimekaza, vimetulia.
Upande wa kushoto katoboa tu, hakuwahi kuzungushia,
na nyuzi zimeshaanza kuachana.
Zahran, kaka yangu, akasema tuiweke hivyo, ukumbusho.
Kumbe yeye hajaona turubai la yule dereva.

Basi usiku nikifunga duka navaa miwani yake.
Vidole vyangu vinene, kucha moja nyeusi kwa nyundo.
Jana nimeshona matatu, nikafumua mawili.
Lililobaki limepinda kidogo,
kama mdomo wa mtu anayetaka kuuliza
na hajui aanzie wapi.
Mke wangu kapita na birika la kahawa,
kaliangalia,
hakusema kitu.
Akanisogezea taa.