Mdai wa Kumi na Mbili

Jina langu lilikuwa mstari wa kumi na mbili
kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, mahakama ya Malindi,
chini ya kampuni ya stima,
chini ya fundi wa kompresa kutoka Mtwapa,
chini ya muuza chumvi wa Gongoni.
Juu kabisa, benki, kwa herufi nzito.
Mimi: matunzo ya watoto wawili, miezi kumi na minne.
Karani aliniandika kwa penseli.

Shee Famau aliuza barafu.
Mwaka tuliooana alikuwa na jokofu moja,
na Shela nzima ikibisha hodi kwetu na vibakuli.
Kisha ikaja mashine, likaja lori dogo,
likaja deni, na deni la pili likaja kulipa la kwanza.
Hoteli tatu zikafunga, wenyewe wakarudi kwao Ulaya,
na barafu, unajua, haingoji mteja.
Usiku kucha iliteremka mtaroni
nikiisikia, Esha tumboni.

Talaka aliitoa kwa adabu, sitamsingizia.
Mbele ya kadhi akahesabu kwa vidole:
karo ya Lali, unga, dawa ya pumu ya Esha,
elfu tisa kila tarehe tano.
Miezi mitatu akatuma.
Wa nne, elfu mbili na salamu.
Wa tano, salamu.

Dawa ya deni ni kulipa, nilifunzwa.
Dawa ya asiye nacho
hakuna aliyenifunza.

Afisa wa mufilisi, binti mdogo mwenye kikohozi,
alipanga faili wima, akaziegemeza ukutani.
"Nyinyi nyote mtagawana kilichobaki,
senti nane kwa kila shilingi.
Baada ya hapo madeni yanafutwa, mtu anaanza upya."
Kisha akautazama mfuko wangu wa risiti.
"Lako wewe, mama, halifutwi.
La mtoto halifi na biashara."

Nikafurahi, furaha ya aliyepewa shamba
juu ya mawingu.
Deni lisilokufa, kwa mtu asiye na kitu:
linaishi tu, paka wa sokoni,
hana mwenyewe na hafi.

Ndipo wakili wa benki akainuka. "Na mdhamini je?"
Akageuza ukurasa. Sahihi yangu,
wino wa buluu, ile M yenye mkia
niliyokuwa nikiiandika nilipokuwa mke.
Siku ile nilikuwa nakanda unga wa mahamri.
Shee alinishikia karatasi nisiichafue,
nikatia kwa vidole viwili.
Doa la samli bado lipo.

Talaka ilifuta ndoa. Haikufuta sahihi.
Deni likatoka kwake likavuka barabara,
likaingia kwangu bila hodi,
likakaa juu ya cherehani.
Na mimi bado ni yule yule ninayemdai.

Shee alikuja kukaa benchi langu,
wadai wengine hawakumwachia nafasi.
Viatu vyake vimelika upande mmoja.
Akauliza, "Lile jino la Lali, lilitoka?"
Nikasema lilitoka.
Akatoa mia mbili mfukoni, akasita,
akamtazama binti wa faili
kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani:
hii ni yao, au ni ya watoto?
Binti akageukia dirisha. Akakohoa.
Nikaipokea. Nikamwandikia risiti.

Nilipofika nyumbani, Lali yuko uani,
magoti meupe kwa vumbi, gololi zote zimekwenda.
"Mama, nimefilisika. Na Bunu ananidai tatu."
Nikamwuliza atalipa na nini.
Akanyamaza.
"Lakini ile ya kijani ya Esha sikuitia mchezoni."
Akafungua kiganja.
Ilikuwepo, imemeguka ukingoni.