Majira ya Baridi, Tabata Kimanga

Saa nne usiku, Tabata Kimanga,
feni inazunguka kwa kulazimishwa,
na mimi nakufa kwa baridi.

Kompyuta ndiyo inayosema hivyo: mstari mwekundu unapungua,
theluji imenifika magotini,
ndevu zangu za Kiviking zimeganda kama barafu ya ubuyu.
Jasho linadondokea kipanya.
Nakata mti, shoka tatu, nne, unaanguka
(miti ya kule ni myeupe, magome kama karatasi za daftari).
Nachanja kuni, naokota mawe, nachuna ngozi ya kulungu.
Nasimamisha nguzo.

Mchana nauza misumari Buguruni.
Misumari ya inchi nne, mabati ya geji thelathini,
saruji ya kujengea majumba ya watu.
Nawajua kwa vilio vyao:
"Bosi, punguza, mwenzio nimefika kwenye linta."
Linta! Neno tamu hilo.
Mimi niko kwenye msingi, mwaka wa saba sasa,
Chanika, mita ishirini kwa thelathini,
mbuzi wa jirani wanajua ni uwanja wao.

Lakini huku, kando ya maji meusi yasiyo na jina,
nimejenga nyumba ndefu kwa usiku mmoja.
Paa la nyasi, moto katikati,
ghala la samaki wakavu, uzio wa magogo yaliyochongwa ncha
maana mbwa mwitu hawapigi hodi.
Hakuna aliyeniuliza kibali.
Hakuna mjumbe, hakuna dalali, hakuna "njoo Jumatatu".
Na wanakijiji wakitokeza msituni, mmoja mmoja,
nawapa majina ninayotaka mimi:
mhunzi ni Pazi, tajiri yangu wa dukani;
mpika pombe ya asali ni Bi Chausiku mwenye nyumba wetu,
ambaye maishani mwake hajagusa hata togwa iliyochacha;
na yule mkata kuni, mwenye mgongo mpana,
nikamwita Mwinyikondo,
jina la baba.

Baba ndiye aliyechimba ule msingi.
Alichimba kwa mkono, kwa kamba na vigingi,
akasema ukuta utafuata.

Usiku wa tatu wa theluji nilisahau kuni.
Nilikuwa napamba mlango, nachonga kichwa cha joka,
nikaona maandishi madogo pembeni:
Mwinyikondo amekufa kwa baridi.
Basi. Mstari mmoja, kama ujumbe wa salio.
Nikakaa, mkono juu ya kipanya,
na hapo ndipo luku ilipolia
mara tatu, kama kawaida yake,
chumba kikazimika pamoja na theluji yote.

Gizani Mwajabu akajigeuza kitandani.
Nilidhani amelala.
Kumbe alikuwa ananichungulia begani tangu jioni.
"Nyumba nzuri," akasema.
"Choo wameweka wapi?"

Nikatafuta jibu, sikulipata.
Miezi minne Waviking wangu
wanakula, wanakunywa, wanapigana na mazimwi,
choo hawana.

Jumapili tuko Chanika.
Tumewafukuza mbuzi, wamerudi, tumewafukuza.
Nimekuja na mifuko miwili ya saruji ya mkopo;
Pazi, yule wa kweli, keshakata kwenye mshahara
kabla sijashusha mzigo.
Mwajabu amevua kandambili, anapima kwa hatua:
"Hapa. Choo kwanza, na kiwe mbali na kisima,
upepo usije ukatuletea salamu."
Nang'oa nyasi juu ya mawe ya baba.
Kidole gumba kinatafuta kitufe, hakipo.
Jua ni lilelile la Dar, halijui mgeni wala mwenyeji,
na mimi, sijui kwa nini,
naokota vijiti vikavu pembeni,
navipanga vizuri, kimoja juu ya kingine,
kama mtu anayetarajia theluji.