Kushoto

Yudita Chilongani alinipigia Jumatatu:
"Njoo Hombolo uniambie hiki ni kitu gani."
Mimi fundi bodi wa Chang'ombe, nanyoosha milango ya Noah,
maji ninayoyajua ni ya kwenye rejeta.
Nikaenda hivyo hivyo, na tupa, msasa, tochi.

Nyuma ya zizi, kati ya mizabibu mikavu na tenki lililopasuka,
ililalia ubavu.
Tetea ameatamia chini ya dashibodi,
akanitazama kama askari wa geti.
Pua ndefu, imenyanyuka kidogo
kama ya mtu aliyesikia akiitwa.
Nyuma, pa kufungia injini, pengo:
injini ilihamishiwa shambani kuvuta maji
mpaka ikafa kifo cha punda.

"Kuna mtu wa Dar ameona picha," akasema.
"Kama ni ya Ulaya, ya zamani zile, anatoa milioni nne.
Kama siyo yenyewe, haji."

Nikaipekua kama trafiki anayetafuta kosa.
Kibao cha kiwandani hakuna, matundu manne tu.
Nikakwangua rangi: buluu, chini yake nyekundu,
chini ya nyekundu buluu nyingine, nzito kama wino wa shule,
na chini kabisa vanishi ya njano,
ngumu kama asali iliyoganda.
Skrubu za shaba.
Moyo ulinidunda. Nilishaanza kukata asilimia yangu.

Kisha nikapitisha tupa kwenye taruma moja,
vumbi likanipanda puani:
mninga.
Mninga wa Tabora, ule wa vitanda vya maharusi.
Ulaya gani inaota mninga?

Nikajilaza chali ndani, mavi ya kuku mgongoni,
tochi mdomoni.
Na hapo, chini ya sitaha, kwa penseli:
KUSHOTO
na pembeni yake: futi 4, inchi 7 na nusu.
Nusu imekatwa kwa mstari.
Juu yake: 8.

Nilitoka nikakaa juu ya ndoo.
Ubavu uliolalia ardhi umeliwa;
bonyeza plaiwudi, kidole gumba kinazama
kama kwenye mkate uliolowa chai.
Mninga mchwa wameuonja, wakauacha.
Plaiwudi ya baharini, gundi ya kuagiza, skrubu mia tatu,
injini, hata iwe kuukuu:
milioni sita, jasho langu halimo.
Na bwawa lenyewe linajaa tope.
Kiangazi hiki mbuzi wanapita kwa miguu
pale boti hii ilipokuwa ikikata kona.

"Si ya Ulaya," nikamwambia.
Akanyamaza, akaokota unyoya kwenye kiti.
"Kuna mtu aliiona moja, au picha yake tu,
akarudi nyumbani akaikumbuka kwa mbao."

"Ndahani," akasema. "Kaka yangu.
Alituambia kainunua Mwanza. Akataja na bei.
Tulimsema mwaka mzima kwa kufuja hela ya ng'ombe,
naye anatikisa kichwa tu, anakunywa uji."

Akaingia kichwa na mabega kwenda kuyasoma mwenyewe.
Alikaa humo muda mrefu.
Niliiona miguu yake tu, kandambili moja imemvuka.

"Sasa tufanyeje?" sauti ikatoka ndani ya mbao.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na jeki.
Tukaita vijana wawili wa jirani,
tukaviringisha matairi ya trekta yasiyo na kazi,
tukaiinua toka ardhini kimo cha goti,
mchwa wakose ngazi.
Ubavu wa kulia ni mzima,
huo ndio utakaonipa vipimo vya ule mwingine,
kama kutakuwa na ule mwingine.

Simu ya mtu wa Dar iliita juu ya ndoo.
Yudita aliitazama mpaka ikachoka.

Tetea hatukumgusa. Bado siku tisa atotoe.