Mshika Funguo

Walikuja Jumamosi asubuhi, watu kumi na wanne,
na masanduku yenye maumbo ya viungo vya mwili:
nyonga, paja, na moja la shingo ndefu
ambalo Gethin alilikatia tiketi yake kwenye treni
akalifunga mkanda dirishani, kama bibi kizee.
Lilipofunguliwa nikacheka. Udi!
Udi uliorefuka ugenini.

Hexham mwezi wa Februari havui mtu koti.
Mimi ndiye mwenye funguo za kanisa na za joto,
na sikutaka wageni wangu wagande vidole.
Nikazungusha swichi hadi sita.
Nusu saa haijaisha, pa! kama bisi sufuriani:
uzi umekatika kwenye fidla ya Rosalind Threlkeld.
Wote wakaangalia juu. Kisha wa pili, pa!

Nilijua nitagombezwa.
Akaja hadi mlangoni, uzi umejikunja kiganjani,
akanieleza taratibu, kama anayemtambulisha ndugu:
hizi si chuma. Ni utumbo wa kondoo,
umeoshwa, umesokotwa, umevutwa ukakauka.
Joto huukaza, unyevu huulegeza,
una siku zake nzuri na siku zake za kununa.
"Tafadhali," akasema, "tuachie baridi yetu."

Utumbo!
Baba aliuza supu yake Ngamiani, Tanga,
na mama aliamka saa tisa usiku kuugeuza ndani nje,
kuusugua kwa chumvi na ndimu,
maji ya kwanza, ya pili, ya saba,
akisema la kuvunda halina ubani,
kwa hiyo liwahi.
Shuleni waliniita Binti Utumbo.
Na mtu akiropoka, kwetu tunasema anaongea utumbo.
Sikuwahi kufikiri unaweza kuongea wenyewe.

Nikazima joto.
Nikavaa koti, nikakaa nyuma, kando ya rafu ya vitabu vya nyimbo.

Walitafuta sauti kwa muda mrefu.
Kinanda kiliwapa moja, chini kidogo ya ile ya piano yetu,
kama mtu anayeshuka ngazi moja
ili azungumze na mtoto.
Kinanda hicho hakipigi nyuzi, kinazidonoa.
Mwenye nacho alinifunulia kifuniko:
kila ufunguo na kijiti chake,
kila kijiti na kipande cha unyoya wa kunguru.
Nami nilidhani nina funguo nyingi.
Tarumbeta halina vitufe, ni midomo tu na imani,
na kijana aliyelishika aliikosa sauti ya juu kabisa
akawa mwekundu hadi masikioni. Hakuna aliyegeuka.
Alipoipata mara ya pili
niliona mgongo wake ukishusha pumzi.

Jioni watu walijaa, blanketi magotini.
Palikuwa na mzee aliyetoka mnadani,
kucha zake bado zina buluu
ya kuwekea kondoo alama.
Sidhani alijua anasikiliza nini.
Au alijua kuliko sote.

Sauti haikuwa kubwa. Haikung'aa.
Ilikuwa na mkwaruzo mwanzoni mwa kila neno,
koo la mtu aliyeamka sasa hivi,
kisha ikafunguka,
nami nikasikia maji ya saba yakimwagwa uani,
kitu kilichosuguliwa gizani hadi kikawa cheupe.

Uzi uliokatika ninao mfukoni.
Nimeunusa. Hauna harufu yoyote.

Nilipokuwa nafunga mlango nikampigia mama.
Kwao ni usiku mkubwa, lakini yeye hulala macho,
mazoea ya supu.
"Leo nimesikiliza utumbo, mama. Saa mbili nzima."
Akanyamaza kidogo.
"Pole, mwanangu," akasema.
"Na wewe hukuondoka?"