Mwenye Kiwanja

Kiangazi, kwetu Kigogo kuna uwanja wa mpira
uliochimbwa kwa ajili ya mafuriko:
shimo pana, kingo za mawe,
magoli ya mabomba,
na mbuzi wa mama Tausi akilamba majivu
tuliyochorea mistari.
Mgeni akipita husema: mbona pamelala bure?

Alikuja mmoja, viatu vinang'aa,
na vigingi, nyundo, kamba ya katani.
Cha kwanza alikipigilia golini,
miguuni pa Kondo, kipa wetu.
"Hapa hapana mtu."
Mwamvua alikuwa ukingoni, anakaanga mihogo.
Hakupandisha sauti. Aligeuza kipande, akangoja kiive.
"Pana mwenyewe."
"Nani?"
"Maji. Yamesafiri."

Yule bwana alicheka peke yake.
Hakuujua ukuta wa Mwamvua,
wenye mstari wa kijani usawa wa goti,
wa njano juu ya swichi ya taa,
na wa tatu ambao hakuuchora yeye:
tope liliuacha, naye amekataa kuupaka chokaa.
Juu ya huo kuna boriti.
Usiku ule alimfunga mwanawe pale kwa mbeleko
hadi majirani walipotoboa bati.
Mtoto mwenyewe ndiye huyo Kondo.
Mipira ya juu haimpiti.

Wahenga walituambia maji yakimwagika hayazoleki.
Sawa. Sisi tumeyatandikia sinia.
Lakini bwawa halikomeshi mvua.
Linaishika mkono tu, linaibembeleza:
subiri, wenzako bado wanabeba magodoro.

Masika yalipoingia, saa nane usiku, Pazi akapiga simu
kutoka Gongo la Mboto: "Huku daraja halionekani."
Mimi ndiye refa wa mtaa,
na filimbi ya mechi ndiyo filimbi ya mto.
Mara moja: amkeni.
Mara mbili: vyeti, dawa, watoto.
Ukisikia ndefu, acha hata sufuria yenye maharage.
Nilipuliza hadi midomo ikavimba.
Sharifa wa cherehani aliirudia mashine yake mara mbili;
mara ya pili tulimvuta kwa kanga.

Uwanja ukajaa. Magoli yakazama.
Maji yakapanda kingo, yakaingia kwa Mwamvua,
yakagusa kijani,
yakakaa hapo kama mgeni aliyekosa kiti.
Alfajiri yakaanza kuaga.

Kigingi kimoja kilirudi kikielea, kamba shingoni.
Mwamvua alikianika. Siku ya nne kilikaangia mihogo.

Jumamosi, majembe. Tope nusu goli.
Karavati limeziba; tukavuta watu sita, moja, mbili, haya!
likatoka godoro, zito kama ng'ombe aliyekufa.
"La nani hili?" Mwamvua akauliza.
Watu wakatazama vidole vyao vya miguu.
Nami, filimbi ikining'inia kifuani,
nikayatazama yale maua ya zambarau.
Nimeyalalia miaka tisa.