Upande wa Pili wa Daftari

Kaa. Si kiti hicho, mguu wake umelegea.
Unauliza Ausi Likwata alifunga magoli mangapi.
Ninyi wa siku hizi mnaanzia kwenye hesabu.
Sikulaumu, na mimi nilikuwa karani.

Mbele ya daftari hili ni matita ya mkonge,
shamba la Kikwetu, mwaka hamsini na mbili:
nani kakata mangapi, nani kakatwa posho.
Ligeuze, miguu juu.
Huku nyuma, kwa penseli, ni yeye.
Kistari kimoja, goli moja.
Vikifika vitano nilivifunga kama tita.

Hakuna mwingine aliyeandika.
Wazungu wa Lindi walikuwa na kombe, na kabati la kombe.
Wahindi walikuwa na uwanja wenye ukuta.
Sisi tulikuwa na Jumapili
na kiwanja kilichoinama;
mpira ukitoka kulia tuliufuata kwenye mikonge,
tukaukuta umekata roho.

Mara moja tu walitualika, sikukuu ya Serikali.
Refa alikuwa msaidizi wa meneja wetu.
Ausi alitikisa nyavu mara tatu. Mawili yakakataliwa:
la kwanza kwa sababu hakuvaa viatu,
la pili kwa sababu alicheka.
Mimi niliandika matatu.
Tazama. Risasi ya penseli imefutika,
lakini ukiinamisha karatasi kwenye mwanga
utaona mifereji.

Asubuhi yake alikuwa kwenye safu, kisu mkononi,
na miiba haikujua kwamba yeye ni nani.

Akavuka Ruvuma.
Usiandike ushujaa. Alikuwa na deni dukani
na mjomba upande wa Palma.
Kutoka Palma alifikaje Beira, hakuniambia,
na mimi nilisahau kuuliza.

Timu ya Reli ilimpa viatu.
Wiki tatu alitembea uwanjani kama bata,
barua yake inasema hivyo, hii hapa.
Wiki ya nne barua haikuja. Kilikuja kipande cha gazeti.
Nina vitatu. Sijui Kireno, nasoma jina tu:
Lucuata. Liquata. Lukwato.
Kila mara kosa jipya,
kila mara herufi nene kama kidole gumba.

Wapishi wa mahoteli, aliandika, wanazima majiko waje kutazama.
Watoto wanajichora tisa mgongoni kwa mkaa.
Palikuwa peponi? Hapana.
Kombe liliingia kwa mlango wa mbele,
yeye akaingia kwa mlango wa jikoni
na kula amesimama.
Lakini mwisho wa barua:
*Huku magoli yanahesabiwa, Karani. Pumzika.*

Sikupumzika.

Alirudi nchi ikiwa yetu, goti likiwa si lake.
Ligi ilikuwa wazi kwa kila mtu, naye ana miaka arobaini kasoro.
Akapata kazi Mtwara, kupima korosho ghalani.
Siku moja vijana walipoteza mpira, ukaangukia kwenye magunia.
Wakachungulia: Mzee, turushie!
Aliutazama kidogo. Akavua kandambili ya kushoto,
ya kushoto tu,
na mpira ukapita juu ya bati la ghala
bila kuligusa.
Mmoja akauliza, Mzee, uliwahi kucheza?
Akasema, Kidogo. Akarudi kwenye mizani,
akaandika kilo themanini na mbili.
Nilikuwepo. Hilo sikulichora, halikuwa goli.
Siku hizi sina hakika.

Basi. Nimehesabu mbele yako: mia mbili na kumi na moja.
Humo yamo mawili ya refa.
Hazimo barua mbili zilizofika zimelowa,
wala mwaka mzima alionyamaza.
Andika mia mbili na ushei.
Wakikuuliza ushei ni ngapi
walete hapa.
Waambie tu wasikalie kiti kile.